Aliyemwita Melkiori

Ukitaka kugombana na Febronia, mwite jina lake. Mwite mara moja, mwite mara tatu, yuko hapo hapo mbele yako anachambua mchele, na haitiki. Atanyanyuka, ndiyo, atakusogelea, atakutazama mdomo kana kwamba anahakikisha sauti imetoka humo, ndipo aseme, "Ulikuwa unasemaje, shangazi?" Mimi ni dada wa baba yake, jina langu Paskazia, nimemlea tangu mama yake alipofariki, na tabia hiyo ilinipandisha presha miaka kumi mfululizo. Nilidhani ni kiburi. Nilishawahi kumchapa kwa ajili hiyo, Mungu anisamehe.

Ukiondoa hilo, hukuwa na la kumsema. Pale Idete wanaume wazima walikuwa wanamwogopa kwenye kupanda mpunga, maana akiinama asubuhi anainuka jua likiwa utosini, na mstari wake umenyooka. Alisuka mikeka, alipika maandazi ya kuuza stesheni, aliimba sauti ya pili kwaya ya kigango. Alicheka kwa sauti kubwa mno kwa msichana, nilimwambia mara nyingi. Miaka ishirini na minne ikafika yuko nyumbani, na majirani wakaanza kuniuliza maswali ambayo jibu lake walikuwa wanalijua.

Basi mwaka tisini na tano, mpunga ukiwa unaiva, akaja huyu kijana wa Kisawasawa, fundi wa mashine ya kukoboa pale Ifakara. Mjini kote walimwita Fundi, hata mimi nilimwita Fundi miezi sita kabla sijajua kwamba kabatizwa Melkiori. Kijana mpole, mikono imejaa grisi mpaka kwenye kucha, ukimpa maji anapiga goti kidogo kupokea. Alikuja na baiskeli kutoka Ifakara kila Jumamosi, mvua, jua, yeye na matope yake. Mwaka uliofuata wakaandikishwa kufunga ndoa, nami nikateuliwa msimamizi.

Paroko wetu alikuwa na sharti lake. Kabla ya tangazo la tatu la ndoa, wachumba wakae Jumamosi tatu waambiane kila kitu, na msimamizi akae pale pale asikilize ili wasidanganyane. "Mama Paskazia," aliniambia, "wewe ndiye mlinzi wa ukweli wao." Nikavimba kichwa, nisiseme uongo. Nikatandika mkeka uani, nikapika uji wa ulezi, nikakaa na ungo wangu wa mchele kama hakimu.

Jumamosi ya kwanza ilikuwa burudani. Melkiori alikiri kwamba anakoroma, kwamba aliwahi kukaa na mwanamke kule Mang'ula miezi mitano, kwamba hapendi samaki wa kukaushwa. "Hapendi samaki, na anaoa Kilombero!" nikasema, na Febronia akacheka mpaka akamwaga uji. Naye akasema yake: ana hasira ya asubuhi, jino la nyuma limeoza, anataka watoto wanne wala si kumi. Waliongea na habari za huu ugonjwa wa siku hizi, bila kuzungukazunguka, wakakubaliana kwenda kupima. Nilijisikia vizuri. Nikajisemea, hawa wanajua wanachokifanya.

Jumamosi ya pili Melkiori akaja amenuna. Alikunywa uji wote, akaweka kikombe chini, akasema, "Shangazi, nina neno, na sitaki lipite. Huyu nikimwita haitiki. Nimemwita sokoni, nimemwita barabarani, nimemwita akiwa hatua tano kutoka nilipo. Nitaoaje mtu ambaye siwezi kumwita?"

Nikamgeukia Febronia. "Haya, jibu. Mwenzio ameuliza."

Alikuwa anang'oa nyuzi za mkeka wangu moja moja, akang'oa mpaka nikampiga kofi la mkono. Melkiori akaondoka mapema, na hakuaga vizuri.

Kesho yake Jumapili katekista akasimama kusoma tangazo la pili. Aliposema, "Febronia Ponsiano, wa kigango hiki," nikamwona mtoto ameinuka kwenye benchi la kwaya, ameweka viganja masikioni, anatoka kwa mlango wa pembeni mbele ya watu wote. Weee! Watu waligeuka kanisa zima. Nilimfuata mpaka nyumbani na kanga inanidondoka. Nilimkuta amekaa jikoni, viganja bado masikioni.

"Mwambie paroko aache," akasema. "Siolewi."

"Umepata wazimu? Amekukosea nini?"

"Hajanikosea kitu. Nampenda. Siolewi."

Nilimpigia kelele zote ninazozijua. Baadaye nikachoka, nikakaa naye chini kwenye majivu, nikamwambia jambo moja tu. Jumamosi anakuja. Kama unamwacha, mwache kwa ukweli, mwambie sababu kwa mdomo wako, usimfanye mtoto wa watu aondoke hajui alichokosa. Akakubali. Wiki ile hakula vizuri, na mimi pia.

Sasa hapa lazima nieleze kitu cha ukoo wetu, nanyi mkicheka shauri yenu. Mpunga ukikaribia kuiva tunahamia bondeni, mwezi mzima, tunakaa kwenye dungu, kile kichanja cha miti mirefu, tunawinga ndege wasimalize nafaka. Maji yako chini, nyasi pande zote, na sauti ya mtu inasafiri huko mbali sana. Marehemu babu alikataza mtu kuita jina la ubatizo bondeni. Ukiwa huko unaitwa jina la jikoni. Mimi nilikuwa Kibuyu. Febronia alikuwa Kawa. Mdogo wake Dativa alikuwa Upawa. Babu hakutueleza sababu, alisema tu kwamba maji yana masikio na kitu kikishajua jina lako hakisahau. Jirani zetu hawana desturi hiyo na hawajafa. Sisi tuliifuata kwa sababu ndivyo tulivyokuzwa.

Dativa alikufa mwaka themanini na sita, ana miaka kumi na mmoja. Alishikwa na homa bondeni, siku ya tatu akaanza degedege, tukamkimbiza na mtumbwi tukachelewa. Watoto wengi walikwenda hivyo miaka ile. Tulimlilia, tukamzika, tukamshukuru Mungu kwa waliobaki.

Jumamosi ya tatu jua lilikuwa kali. Melkiori alifika saa tano, akakaa kwenye mkeka hajagusa uji. Febronia akaja, akakaa mbele yake, akaongea akiangalia mikono yake mwenyewe.

"Nilimwita mimi," akasema.

Melkiori akauliza, "Nani?"

"Dativa. Ilikuwa zamu yake kuwinga. Mimi natoka kuchota maji, nakuta ndege wametua mpunga wote, yeye anachezea matope kule ukingoni. Nilishikwa na hasira. Nikapanda kwenye dungu nikaita jina lake lote, kwa nguvu zangu zote. Dativa! Dativa Ponsiano! Nikaona amegeuka. Lakini hakunitazama mimi. Aligeukia kule kwenye maji, akaitika kule. 'Abee!' Akasimama kama anasikiliza anachoambiwa. Jioni yake homa ikampanda."

Ungo ulinishinda, nikauweka chini. Miaka kumi mtoto yumo ndani ya nyumba yangu na jambo hili, na mimi namchapa nikidhani ni kiburi.

"Febronia, ilikuwa malaria," Melkiori akasema taratibu. "Mbu ndio waliomuua."

"Labda. Lakini mwaka uliofuata nilirudi bondeni. Saa sita mchana ndege wakanyamaza wote ghafla, wale kwelea kwelea, mamia, wakanyamaza. Nikasikia naitwa. 'Febronia!' Mara moja tu. Ilikuwa sauti yake. Kila mwaka mara moja, mpunga ukiiva. Ningekuwa namuwaza tu ningemsikia amekua, si ndiyo? Angekuwa msichana mkubwa sasa. Sauti haikui. Ni ya miaka kumi na mmoja mpaka leo." Akafuta pua kwa mkono. "Sijaitika hata siku moja. Nimejizoesha kutoitika popote, ili nisijisahau. Na nisikufiche, sichukii kwamba ananiita. Naogopa nitamkumbuka sana siku moja, nitaitika. Sasa mnataka padri asimame aniite mbele ya watu na mimi niseme abee, nakubali. Nikishaitika siku hiyo, nitaweza tena kujizuia? Ndiyo sababu. Nimemaliza. Ukitaka kuondoka, ondoka, sitakulaumu."

Nilimwangalia Melkiori. Nilijua kwamba kila kitu cha mtoto wangu kiko pale, kwenye uso wa yule kijana, na nikamwomba Bikira Maria kimoyomoyo. Naye, hebu fikiri, akaanza kutabasamu. Uso wote ukamfunguka.

"Aa, Febronia! Ndilo hilo tu?" akasema. "Umenitisha bure. Mbona wewe mwenyewe uliniita jina langu bondeni, nami mzima hapa?"

"Mimi?"

"Siku ya kwanza! Usijifanye umesahau. Mwezi wa tano, nimetoka kupeleka mkanda wa trekta ng'ambo, napita na baiskeli pembeni ya shamba lenu, saa sita. Nikasikia kutoka kwenye dungu, 'Melkiori!' Nikaitika, 'Naam!' Nikaitwa tena. Nikaacha baiskeli, nikavua viatu, nikavuka maji mpaka magotini. Ndipo nikakukuta unatoka upande wa pili na ndoo yako kichwani, unajifanya hujui kitu. Nikakwambia, 'Nimeitika, nimekuja.' Ukacheka sana." Akanigeukia mimi, bado anatabasamu. "Shangazi, hapo ndipo nilipompendea. Msichana wa kumwita mgeni kwa jina lake bila woga, sijawahi kumwona. Nilijiuliza usiku mzima kalijulia wapi, mjini wote wananiita Fundi."

Febronia hakucheka. Rangi ilimtoka midomoni.

"Melkiori," akasema, "nilidhani ni maneno ya wavulana. Ule utani wenu wa kujifanya mmeitwa. Sikukuita. Jina lako sikulijua mpaka mwezi wa nane."

Kuku walikuwa wanaparua nyuma ya jiko, nawasikia mpaka leo. Melkiori aliendelea kutabasamu kwa muda, tabasamu limebaki pale halina kazi, halafu likaondoka. Akamtazama Febronia, akatazama mikono yake, akauliza swali ambalo kila mtu angeuliza.

"Sasa nani aliniita?"

Na hapo ndipo mimi, Paskazia, mlinzi wa ukweli, nilipofungua mdomo.

"Ni mimi," nikasema.

Wote wakanigeukia. Nikacheka, nikapiga makofi, nikafanya vituko vyote. Nikasema nilikuwa nimejilaza juu ya dungu, nikamwona kijana mzuri anapita na baiskeli, nikataka kumchokoza. Jina? Nilisikia mama yake akilitaja sokoni Ifakara. Nikasema nilibana sauti kama kitoto ili asijue ni bibi kizee, halafu nikajificha nione watafanya nini. "Na mmefanya!" nikasema. "Sasa mnataka kunishitaki?"

Melkiori alipumua kama mtu aliyetuliwa gunia. "Shangazi! Shangazi wewe!" Alicheka mpaka machozi, akachukua uji wake uliopoa akaunywa wote. Akamshika Febronia mkono, akamwambia mambo ya homa ya Dativa ni mapenzi ya Mungu, na kuhusu jina, yeye atamwita Kawa maisha yake yote kama anapenda, na padri wataongea naye. Maneno mazuri. Mimi nikauokota ungo, nikaanza kupepeta mchele niliokwisha kuupepeta.

Mwaka tisini na tano, mwezi wa tano wote, mimi nilikuwa Mlimba. Binti yangu Fausta alikuwa amejifungua mapacha.

Melkiori alipoinuka kwenda kuchukua baiskeli yake pale uani, Febronia akaniinamia, akaokota vikombe, akasema chini kwa chini, "Shangazi, ulikuwa Mlimba. Nilikusindikiza stesheni mwenyewe."

"Unataka ndoa au hutaki?"

Akapachika vikombe kimoja ndani ya kingine. "Nataka."

"Basi ni mimi niliyemwita. Nyamaza."

Akanyamaza. Jumapili tangazo la tatu likasomwa, akabaki kwenye benchi. Agosti tukamwoza. Padri alipomwita, aliitika kwa sauti ya kusikika vizuri, amemkazia macho mumewe, na mimi nyuma yake nimeshika maua, jasho linanitiririka mgongoni. Hakikutokea kitu. Tulikula pilau, tukacheza.

Wakahamia Ifakara karibu na mashine. Mtoto wa kwanza akaja, wa kike, wakamwita Yosefina. Febronia aliweka sharti moja kwenye nyumba yake, kwamba mumewe asikanyage bondeni. Mpunga ni kazi yangu, alimwambia, wewe kaa na mashine yako. Melkiori alijisifu kwa watu kwamba ameoa mwanamke asiyetaka hata mume amsaidie jembe. Kila nikienda kwao nilimtazama kijana yule, rangi yake, macho yake, kama ana homa. Alikuwa mzima. Ananenepa. Nikaanza kujisemea kwamba uongo wangu ulikuwa uongo mzuri.

Mwaka tisini na nane, baada ya zile mvua kubwa zilizokata barabara, nilipeleka mpunga wangu kukoboa. Ilikuwa saa sita na kitu. Ile mashine mnaijua inavyonguruma, ukiwa ndani ya banda hata mtu akikupigia kelele sikioni husikii, wateja wote wanaongea kwa mikono. Melkiori aliniona, akaizima, akaja anafuta mikono, amekunja uso kwa utani.

"Shikamoo shangazi. Na wewe umezidi sasa."

"Marahaba. Nimezidi nini?"

"Michezo yako! Tangu wiki iliyopita unaniita kila siku nyuma ya banda. 'Melkiori! Melkiori!' Nazima mashine, natoka, umeshakimbia. Wazee wengine wana magoti, wewe una mbio. Jana mara nne." Akacheka. "Na ile sauti ya kitoto, bado unaibana vizuri. Lakini naitika kila mara, shangazi, usije ukasema mkwe wako hana adabu. Mara nne, naam nne."

Nilikuwa nimetoka Idete asubuhi ile. Sikuwa nimefika Ifakara tangu kabla ya mvua.

Nilitafuta pa kukaa, nikakaa juu ya gunia la mtu. Ningeweza kucheka tena. Nakuapieni nililifikiria hilo, maana mdomo ulishaanza kufunguka wenyewe. Lakini nilimwona alivyosimama pale mbele yangu, na pumba za mpunga kwenye nyusi, ameitika mara nne kwa heshima yangu mimi, na nikasikia aibu ambayo sijawahi kuisikia.

"Melkiori, mwanangu, kaa chini," nikasema. "Si mimi. Jana si mimi, na siku ile ya kwanza si mimi. Nilikuwa Mlimba. Nilidanganya ili muoane."

Hakukaa. Nilidhani atauliza ni nani basi, au atauliza afanye nini, na nilishajiandaa kusema sijui. Aliuliza kwa sauti ndogo tu, "Febronia anajua?"

"Anajua."

"Tangu lini?"

"Tangu siku ile ile. Ulikuwa hujatoka hata uani."

Akaitikia kwa kichwa, polepole. Kisha akageuza shingo ghafla kuelekea nyuma ya banda, kama mtu aliyeitwa, na mdomo ukafunguka. Mimi sikusikia kitu. Akajiziba mdomo kwa kiganja chake mwenyewe, kile chenye grisi, akakibana hapo mpaka kifua kikaacha kwenda mbio. Wateja walikuwa wanamtazama.

Alichukua baiskeli yake bila kuniaga. Nilimfuata kwa miguu, nikafika nimechoka, nikakuta mlango umefungwa kwa ndani na Yosefina kapelekwa kwa jirani. Nilibisha. Febronia akafungua kidogo, macho mekundu, akaniambia, "Shangazi, rudi nyumbani. Leo hatuhitaji msimamizi."